Makumbusho Yakipewa Hadhi ya Taifa kwa Sheria, Kinabadilika Nini Hasa?

Kuna mwaka mmoja ambao kila anayesoma historia hapa chuoni anapaswa kuujua, na haumo kwenye desa lolote linalozunguka vimbwetani: 1863. Ni mwaka ulioandikwa kwenye Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ile inayotumika Tanzania Bara. Sheria inasema hivi kwa kifupi: jengo, ngome, kaburi, kisima au kitu chochote kilichojengwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 ni kumbukumbu inayolindwa. Kinalindwa chenyewe, bila mtu kuomba, hata kama hakuna waziri aliyewahi kukanyaga pale. Kilichojengwa baada ya hapo kinasubiri. Mpaka waziri mwenye dhamana atoe tangazo kwenye Gazeti la Serikali, kitu hicho mbele ya sheria hiyo ni nyumba tu kama nyumba nyingine.

Sasa chukua silabasi ya historia ya sekondari uiweke pembeni ya mwaka huo. Magofu ya Kilwa Kisiwani, Kaole na Kunduchi yamepita. Ukoloni wa Wajerumani ulianza miaka ya 1880, umekosa. Vita vya Majimaji ni 1905 hadi 1907, vimekosa. Uhuru 1961 na Azimio la Arusha 1967, vyote vimekosa. Boma la Kale pale Sokoine Drive, lililojengwa 1866 hadi 1867 enzi za Sultani Majid, limekosa kwa miaka mitatu! Yaani sehemu kubwa ya historia ambayo sisi wa ualimu tunaenda kuifundisha imeangukia upande wa pili wa mstari, upande unaohitaji saini ya mtu.

Nimeanza na hilo kwa sababu muhula uliopita kwenye mdahalo wetu kulikuwa na hoja kwamba Bunge litunge sheria ya kuyatangaza Makumbusho ya Majimaji ya Songea kuwa alama rasmi ya taifa. Ukumbi ulijaa. Waliounga mkono walizungumzia mashujaa, waliopinga walizungumzia bajeti, na kila upande ulipigiwa makofi. Ila hakuna aliyetueleza hiyo hadhi ni kitu gani kisheria. Inatolewa na nani? Inazuia nini? Inaweza kuondolewa? Nilitoka pale nikakaa na sheria zenyewe wikiendi mbili, na hapa najaribu kueleza nilichokielewa, kwa lugha ya kimbweta na siyo ya mahakama.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo sisi huwa tunaviita kwa jina moja la "makumbusho". Kuna jengo na ardhi yake. Kuna taasisi, yaani bodi, wafanyakazi, akaunti ya benki na mhuri. Halafu kuna mkusanyiko: mikuki, ngao, picha, barua, mifupa, vyungu. Sheria moja inaweza kulinda kimoja ikaviacha viwili. Unaweza kuwa na taasisi yenye nguvu inayokaa kwenye jengo ambalo halina ulinzi wowote, na unaweza kuwa na jengo linalolindwa mpaka na mataifa huku ndani hakuna kitu.

Kwa Tanzania Bara taasisi ina sheria yake, Sheria ya Makumbusho ya Taifa, Namba 7 ya mwaka 1980. Hiyo ndiyo inayoifanya Makumbusho ya Taifa kuwa shirika lenye bodi yake. Lile jengo la Dar es Salaam kule Mtaa wa Shaaban Robert lilianza zamani zaidi, lilijengwa 1934 na kufunguliwa 1940 likiwa na jina la Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Leo chini ya shirika hilo kuna Kijiji cha Makumbusho, Azimio la Arusha, Elimu Viumbe kwenye boma la Wajerumani kule Arusha, Makumbusho ya Mwalimu Nyerere Butiama yaliyofunguliwa 1999, na Majimaji Songea. Majengo na maeneo ya kale, kwa upande mwingine, yanatazamwa na ile sheria ya 1964 iliyofanyiwa marekebisho 1979. Sheria mbili zinaangalia kitu ambacho mwananchi wa kawaida anakiona ni kimoja.

Wakenya walikuwa na hali kama hiyo, wakaiunganisha. Sheria yao ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 imeweka taasisi ya makumbusho na ulinzi wa maeneo ya kale kwenye kitabu kimoja, na taasisi ileile inaendesha makumbusho na kusimamia maeneo yaliyotangazwa. Historia ya Fort Jesus ya Mombasa inaonyesha kwa nini walihitaji kufanya hivyo. Ngome ile ilianza kujengwa na Wareno 1593, Waingereza wakaifanya gereza kuanzia 1895, na mwaka 1958 ilipotakiwa kulindwa ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa na kukabidhiwa kwa wadhamini wa mbuga za wanyama. Ndiyo, mbuga! Hifadhi isiyo na swala hata mmoja. Lakini ukifikiria, ilikuwa akili: chombo chenye nguvu ya kisheria kilichokuwepo kilikuwa hicho, wakakitumia. Makumbusho yakafunguliwa pale 1962, na mwaka 2011 ngome ikaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Turudi Songea. Makumbusho ya Majimaji yalianzishwa 1980, kwenye eneo lilelile linalohusiana na kunyongwa kwa viongozi wa Wangoni tarehe 27 Februari 1906. Pale kuna kaburi la pamoja, na kaburi la Nduna Songea Mbano liko peke yake. Kila Februari kuna kumbukumbu. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale akaomba radhi kwa yaliyofanywa na Wajerumani, akakutana na wajukuu wa Songea Mbano, ambao wamekuwa wakitaka kujua fuvu la babu yao liko wapi. Kwa hiyo hatuzungumzii nyumba ya kutunzia vumbi. Ni eneo ambalo mkuu wa nchi nyingine amelitumia kuzungumza na taifa letu juu ya makosa ya nchi yake.

Nilifanya BTP mkoa wa Ruvuma, na niliwapeleka Kidato cha Pili pale. Watoto walizunguka, wakasoma majina, wakapiga kelele kidogo kama kawaida. Tulipokaa chini ya mti binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, wakitaka kujenga stendi hapa, nani atakataa?" Nilimjibu kwamba ni mali ya taifa. Akasema, "Sawa, lakini nani?" Kwa kweli ni swali zuri kuliko maswali mengi niliyoyasikia kwenye mdahalo wetu, kwa sababu sheria yote ya urithi inazunguka hapo: nani ana mamlaka ya kusema hapana, na akisema hapana, mwenye fedha na mwenye cheo wanalazimika kumsikiliza?

Kuna njia mbili za kumpata huyo "nani". Ya kwanza ni tangazo la waziri. Ni ya haraka. Wataalamu wanaandaa taarifa, mipaka inapimwa, waziri anasaini, Gazeti la Serikali linachapisha, na tangu hapo kubomoa, kubadilisha au kuharibu bila kibali ni kosa. Kwa maeneo mengi njia hii inatosha kabisa, na mimi nafikiri tungeitumia kwa wingi zaidi kabla ya kukimbilia Bungeni. Shida yake ni moja. Kwa kanuni za kawaida za tafsiri ya sheria, mwenye mamlaka ya kutoa amri ana mamlaka ya kuifuta. Kalamu iliyotangaza ndiyo kalamu inayoweza kuondoa, na huhitaji kusubiri kikao cha Dodoma. Upepo wa uwekezaji ukivuma kuelekea kwenye kiwanja fulani katikati ya mji, tangazo la waziri ni ukuta mwembamba.

Njia ya pili ndiyo ile iliyokuwa kwenye hoja yetu: sheria ya Bunge inayotaja makumbusho kwa jina. Muswada unachapishwa kwenye Gazeti, unasomwa mara ya kwanza, unaenda kwenye kamati ya kudumu ambako wadau wanaitwa kutoa maoni, unarudi kusomwa mara ya pili na kujadiliwa, unapita kwenye Kamati ya Bunge Zima kifungu kwa kifungu, unasomwa mara ya tatu, halafu Rais anauridhia. Ni safari ndefu, lakini urefu huo ndiyo ulinzi wenyewe. Atakayetaka kuiondoa hadhi hiyo kesho itabidi arudi Bungeni na muswada mwingine, asimame mbele ya kamera, aeleze kwa nini. Huwezi kuifuta kimyakimya Ijumaa jioni.

Wengi kwenye mdahalo walidhani mbunge wa eneo husika anaweza kupeleka muswada binafsi na mambo yakaisha. Anaweza kuupeleka, kanuni zinaruhusu. Lakini soma Ibara ya 99 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Bunge halishughulikii jambo linalotoza kodi au linalotoa fedha kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina mpaka Rais apendekeze na waziri alipeleke. Kwa hiyo muswada wa mbunge mmoja unaweza kutoa jina, unaweza kutoa mipaka na makatazo, ila hauwezi kujiandikia fungu lake kwenye bajeti. Fedha lazima zitoke upande wa Serikali. Mkipigania sheria bila kumshawishi waziri mnaweza kuishia na kibao kizuri cha shaba kwenye ukuta unaovuja.

Na hapa wale waliozungumzia bajeti walikuwa na hoja, hata kama waliisema vibaya. Walisema hadhi ni gharama. Mimi ningesema hadhi bila gharama ni mzaha. Nenda Zanzibar. Beit al-Ajaib ilijengwa 1883 na Sultani Barghash, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa makumbusho ya historia na utamaduni. Mji Mkongwe wote una mamlaka yake ya hifadhi kisheria, na tangu 2000 uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. (Mambo ya kale si jambo la Muungano, Zanzibar wana sheria zao, kwa hiyo ile 1863 haiwahusu.) Ukitafuta jengo lenye hadhi nyingi kuliko hilo Afrika Mashariki utahangaika. Pamoja na yote hayo, tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya kazi ya ukarabati iliyofadhiliwa na Oman, sehemu ya mbele iliporomoka na mafundi wawili wakafariki. Chumvi ya bahari, maji ya mvua na mbao zilizooza hazisomi Gazeti la Serikali.

Wapo wanaolitumia tukio hilo kusema sheria haina maana. Sikubaliani nao. Sheria ilizuia jambo moja ambalo ni kubwa: hakuna aliyeweza kusema "limeshaanguka, basi tujenge hoteli". Mjadala baada ya pale ulikuwa namna ya kulijenga upya. Jengo lisilo na hadhi likianguka nusu, nusu iliyobaki inaondolewa na tingatinga wiki inayofuata, na sisi tunaoishi Dar es Salaam tumeshaona nyumba za zamani zikiondoka hivyohivyo na kuacha uzio wa mabati. Sheria inazuia mkono wa binadamu. Kuzuia mvua ni kazi ya fundi, na fundi analipwa.

Hata jina lenyewe linaweza kudanganya. Marekani wana hadhi inayoitwa alama ya kihistoria ya taifa, na watu wengi husikia jina hilo wakafikiri jengo halitaguswa tena milele. Sheria yao kubwa ya uhifadhi ilipitishwa 1966, miaka mitatu baada ya kuanza kubomolewa kwa stesheni kubwa ya Pennsylvania jijini New York, jambo lililowaudhi watu wengi. Lakini sheria ile inaibana zaidi serikali kuu na miradi yake. Mwenye nyumba binafsi anayetumia fedha zake anaweza kuibomoa nyumba yenye hadhi hiyo, isipokuwa kama jiji au jimbo lake lina sheria kali zaidi. Kwa hiyo mtu akikuambia "tunataka hadhi ya taifa", swali la kwanza ni: hadhi inayomfunga nani?

Kama muswada wa Songea ungeandikwa kweli, mimi ningeanza kusoma jedwali la mwisho, siyo dibaji. Dibaji itasema maneno matamu kuhusu mashujaa, kila mtu atayapigia meza makofi. Kwenye jedwali ndiko kunakotakiwa kuwa na ramani, vipimo na alama za mipaka. Eneo lisilo na mipaka iliyoandikwa linaliwa kidogokidogo: leo kibanda cha chipsi, kesho fremu tatu, keshokutwa ni barabara. Baada ya hapo ningetafuta kifungu cha mkusanyiko. Tuko kwenye kipindi ambacho mazungumzo ya kurudisha vitu na mabaki ya watu wetu kutoka Ujerumani yanaendelea. Vikirudi vitakuwa mali ya nani? Fuvu la mtu ni kielelezo cha makumbusho au ni marehemu anayesubiri kuzikwa? Sheria ya 1964 inajua vitu vya kabla ya 1863, na inajua milango iliyochongwa kabla ya 1940 (nimeipenda sana hiyo, walioiandika waliona mbali kuhusu wafanyabiashara wa milango ya pwani). Haikuandikwa ikiwaza babu anayerudi nyumbani kwa ndege kwenye sanduku. Familia ya Mbano na familia nyingine zinahitaji kuwa na sauti iliyoandikwa humo, kwenye bodi au kamati, na siyo kualikwa Februari kuvaa lubega na kupigwa picha.

Kuna jambo ambalo linanipa wasiwasi zaidi, na kwenye mdahalo halikuguswa kabisa. Bunge likitaja mahali pamoja kuwa alama ya taifa ya Majimaji, linakuwa limechagua hadithi. Vita vile havikuanzia Songea. Vilianza vilima vya Matumbi, Nandete, Julai 1905. Kinjeketile alikuwa Ngarambe. Kulikuwa na mapigano makubwa Mahenge. Na watu wengi waliokufa hawakunyongwa wala kupigwa risasi, walikufa kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Ni wapi palipojengwa makumbusho ya njaa? Hata pale Songea, wanafunzi wangu wengi walifika wakiwa wanalijua jina la Songea Mbano na hawajawahi kusikia la Mkomanile, mwanamke aliyekuwa miongoni mwa walionyongwa. Sisi tutakaofundisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili tutapokea alama ya taifa kama ilivyoandikwa, na mtoto wa Kilwa au Ulanga atauliza kwa nini kwao hapamo.

Simaanishi Songea ikose. Namaanisha sheria inaweza kuandikwa ikataja Songea na ikafungua mlango wa maeneo mengine kuongezwa kwa jedwali, kila moja na ramani yake, bila kuanza safari ya Bunge upya, lakini kuondoa eneo lolote kuhitaji azimio la Bunge. Kuingiza iwe rahisi, kutoa iwe ngumu. Mwanasheria anaweza kuiandika hiyo kwa vifungu viwili. Na ule mwaka 1863 nao usogezwe. Ulipowekwa ulikuwa umbali wa karne moja kutoka kwa walioandika, ikaleta maana. Sasa umekuwa msumari uliogongwa ukutani wakati ukuta unaendelea kuongezeka. Sheria ingeweza kusema "miaka mia moja iliyopita" na ikajisogeza yenyewe kila mwaka. Kwa hesabu hiyo Majimaji yote ingekuwa imeshaingia bila mdahalo wetu.

Kwa wanaouliza mwanachuo anaingia wapi: ni kwenye hatua ya kamati. Muswada wowote ukifika huko Bunge hutoa tangazo la kuita wadau, na maoni ya maandishi yanapokelewa, yanaelekezwa kwa Katibu wa Bunge. Serikali ya wanafunzi inaweza kupeleka, idara ya historia inaweza kupeleka, hata mtu mmoja. Hawahitaji insha ya kurasa kumi na mbili yenye utangulizi na nadharia. Taja kifungu, andika kinavyosomeka sasa, andika unavyotaka kisomeke, weka sababu kwa sentensi tatu. Nakala ya sheria zote mbili, ya 1964 na ya 1980, ukiomba kwenye maktaba upande wa vitabu vya sheria utapewa, ila hazitolewi nje, kwa hiyo nenda na daftari.